Manjano Ni ya Mchuzi, Wacheni Kuiuza Kama Dawa ya Saratani

Wasee, hii maneno ya "manjano inamaliza saratani ya ovari" imezidi. Kila ukifungua simu kuna mtu ameshika chupa, anasema wanasayansi wamethibitisha, halafu linki ya kununua iko hapo chini. Hebu tuambiane ukweli.

Sehemu moja ya hiyo stori ni kweli, na ndiyo inafanya watu wanaswe. Uvimbe wa saratani unahitaji damu ndio ukue. Daktari Mmarekani Judah Folkman aliandika hivyo 1971: zuia mishipa mipya ya damu, uvimbe unakosa chakula. Na ndiyo, kurkumini ya manjano na kemikali za chai ya kijani zimeonekana kwa maabara zikipunguza VEGF, ile protini inayoita mishipa mipya.

Kwa maabara. Kwa kisahani. Hata Jik ukiimwaga kwa hicho kisahani itaua seli za saratani. Utakunywa? Na kurkumini ukiimeza, ni kidogo sana inafika kwa damu.

Msiniambie nachukia miti shamba. Paclitaxel, dawa inayotibu saratani ya ovari mpaka leo, ilitoka kwa gome la mti huko Marekani. Gome lilikusanywa 1962, dawa ikaruhusiwa 1992. Miaka 30 ya kutafuta ni kemikali gani, kiasi gani, inadhuru wapi. Bevacizumab, inayozuia hiyo VEGF, ilijaribiwa kwa maelfu ya wanawake, na bado si muujiza: inapeanwa pamoja na kemo, na kazi yake kubwa ni kuchelewesha ugonjwa usirudi haraka. Sasa wewe wa chupa, umejaribu yako kwa nani?

Mtasema hospitali ni ghali. Ni kweli, na hiyo hasira ni halali. Lakini mtu akikuuzia chupa juu huna pesa ya kemo, hajakusaidia. Amekula hata ile kidogo ulikuwa nayo.

Na si pesa tu inaibwa, ni muda. Saratani ya ovari hujificha: tumbo kuvimba, kushiba haraka, maumivu ya nyonga, kukojoa kila saa. Vitu mtu anadhani ni asidi tu. Ukikaa miezi mitatu ukinywa manjano, umeupa ugonjwa miezi mitatu ya kusambaa.

Kwa hivyo mum, auntie ama siste akilalamika hivyo karibu kila siku kwa wiki kadhaa, mpeleke apimwe. Na kile kipimo cha shingo ya kizazi hakionyeshi ovari, kwa hivyo msitulie juu hicho kilitoka poa. Mwambieni daktari wazi: angalia ovari.

Na nyinyi macreator wenzangu, uzeni manjano mkitaka. Andikeni tu kwa chupa: kiungo cha mchuzi. Hapo hatuna shida.