Gari Lililopaa hadi Mitini

Yeyote aliyeshuhudia upepo ukiezua paa anajua kwamba balaa huanza pale upepo unapopata upenyo chini ya ukingo wa bati. Tulikumbuka jambo hilo vijana wetu walipotuuliza: inakuwaje gari zito lenye magurudumu manne lipae kama tiara?

Jibu lipo Le Mans, Ufaransa, Juni 1999. Kampuni ya Mercedes ilipeleka huko magari aina ya CLR kushindana kwa saa 24. Kila moja halikufika tani moja, nalo lilikwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Katika kasi hiyo uzito pekee haulishiki gari barabarani. Umbo lake hutengenezwa ili hewa ilikandamize chini, na mkandamizo huo sharti ugawanywe kwa kipimo baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kama mizani.

CLR lilikuwa na pua ndefu iliyochomoza mbele ya magurudumu. Likifuata gari jingine kwa karibu, hewa iliyopaswa kuikandamiza pua hiyo hupungua. Likifika kwenye mwinuko, pua huinuka kidogo, na hewa huingia chini yake. Hapo msukumo wa kuinua huangukia mbele ya kitovu cha uzito, na ile pua ndefu huwa kama mtaimbo: kadiri inavyonyanyuka, ndivyo inavyozidi kunyanyuliwa. Dereva hana la kufanya. Usukani na breki havina kazi kwa gari lililo angani.

Alhamisi gari la Mark Webber lilipinduka hewani. Likatengenezwa. Jumamosi asubuhi, Webber akiwa humohumo, likapinduka tena. Wahandisi wakaongeza vibawa vidogo mbele, madereva wakaonywa wasiwafuate wenzao kwa karibu penye miinuko (katika mashindano, ambako kumfuata mwenzio ndiyo njia ya kumpita!), na magari mawili yaliyobaki yakaruhusiwa kuanza.

Sisi hatuwezi kuuita uamuzi huo bahati mbaya. Kampuni hiyo ilikuwa na kumbukumbu nzito kuliko zote: mwaka 1955, palepale Le Mans, gari lake lililoendeshwa na Pierre Levegh liliruka likaangukia watazamaji, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Anayebeba kumbukumbu ya namna hiyo hangojei ishara ya tatu.

Ishara ya tatu ilikuja jioni ileile. Gari la Peter Dumbreck lilipaa, likapinduka zaidi ya mara moja, likavuka kingo na kutua katikati ya miti. Dumbreck alitoka hai, wala hakuna mtazamaji aliyeguswa. Ndipo gari la mwisho lilipoitwa kutoka barabarani, nalo likaingizwa gereji, mlango ukafungwa.