Vidonge Vilivyolala Kabatini

Tangu nirudi kuishi kwa mama mjini Nakuru, mimi na wanangu, nimeona mambo nisiyoyaona kliniki. Juzi, nikitafuta majani chai kabatini, nilikuta vidonge vyake vya presha vya miezi miwili, havijaguswa. "Mimi humeza kichwa kikiuma tu," akasema. Nikampima: 170 kwa 100, na kichwa hakikumuuma hata kidogo! Presha mara nyingi haina dalili. Dawa yake ni ya kila siku.

Kosa ni letu madaktari pia. Miaka yote nilimuuliza kwa simu, "Mama, unameza dawa?" naye akijibu, "Nameza, mwanangu." Afadhali kuuliza, "Jana ulimeza saa ngapi?"

Sasa tunameza pamoja wakati wa chai. Naam, msomaji, nami nimepatikana nayo.