Umeme wa Jua Ukambani: Nani Atanunua Betri?

Mwaka 2012, taa ziliwaka katika soko la Kitonyoni, Kaunti ya Makueni, bila waya wowote kutoka gridi ya taifa. Paneli za jua za kilowati 13.5, zilizofungwa na Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza kwa kushirikiana na wenyeji, zilianza kulisha maduka, shule na kituo cha afya.

Waliosanifu mtambo ule walijua wako Ukambani, penye ukame. Paneli zenyewe ndizo paa: jua likiwaka zinatoa umeme, mvua ikinyesha maji yanateremka juu yake hadi kwenye mfereji na kuingia tangini.

Mwaka huohuo, kijiji cha Ikisaya, Kitui, kilishika njia nyingine pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo. Badala ya kutandaza nyaya, kijiji kilipata kituo cha nishati. Mtu alikodi taa iliyochajiwa, akaenda nayo nyumbani, chaji ikiisha akairudisha. Hapohapo alichaji simu au kutoa fotokopi.

Soko la Mukuyuni, Makueni, na kila soko lililo karibu na vijiji visivyofikiwa na nguzo za umeme, lina la kujifunza hapa. Paneli nzuri hudumu zaidi ya miaka 20. Lakini betri za asidi zinazohifadhi umeme wake huchoka baada ya miaka michache, na huchoka mapema zaidi zikizoeshwa kuishiwa chaji kabisa. Ndiyo maana Kitonyoni umeme uliuzwa kupitia ushirika wa wanachama, ili mapato yagharamie matunzo. Mradi unaotolewa bure, bila mfuko wa betri wala fundi wa karibu, ni ahadi ya miaka michache tu.

Serikali ya kitaifa imeelekeza mradi wake mkubwa wa sola, KOSAP, katika kaunti 14. Kitui na Makueni hazimo. Lakini Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme, na Makueni ina kamati za wananchi zilizozoea kukagua miradi. Kamati hizo zipewe usimamizi wa sola pia. Bajeti ijayo ikijadiliwa, wakazi wa Mukuyuni wadai mambo mawili yaandikwe kando ya bei ya paneli: fedha za betri mpya, na mafunzo ya vijana wawili wa hapohapo watakaotunza mitambo.