Nyatiti si pambo la kumkaribisha mheshimiwa

Angalieni vile nyatiti inatumika huku kwetu siku hizi. Mheshimiwa anashuka kwenye gari, mzee aliyevalishwa manyoya anaambiwa apige, simu zinainuliwa, mheshimiwa anatikisa mabega sekunde ishirini, halafu MC anachukua maikrofoni: "Asante mzee, tulia pale kidogo." DJ anawasha spika na mzee haitwi tena. Anarudi nyumbani na soda na nauli ya boda. Kesho yake sisi watu wa kontenti tunaposti ile klipu, tunaandika "utamaduni wetu" na emoji tatu za moto, stori inaisha hapo.

Nimezunguka na simu yangu kutoka Awendo hadi Mbita nikirekodi wanamuziki, na kuna kitu nimechoka kusikia: ati nyatiti inapotea kwa sababu vijana hawapendi vya kwao. Si kweli. Kila nikiweka klipu ya nyatiti, kuna mtu anauliza atajifunzia wapi, na hapo ndipo nakosa jibu. Ukitaka gita Migori mjini, utapata mtu wa kukufunza. Kinanda, nenda kanisani. Nyatiti? Utaambiwa kuna mzee fulani ng'ambo ya mto, kama bado ana nguvu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: nyatiti haikosi mapenzi, inakosa mwalimu anayelipwa. Na kuna watu walikuwa na shida kama hii kabla yetu wakaitafutia dawa. Wahindi.

Najua mtacheka. Wahindi tunawajua kwa maduka. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baadaye wafanyabiashara wao wakasambaa hadi Kendu Bay, Homa Bay na Migori. Tunawajua pia kwa filamu, na kwa zile tamthilia ambazo mama hataki uguse rimoti zikiwa hewani. Lakini nyuma ya nyimbo za filamu kuna muziki mwingine mzito, wa zamani sana, muziki wa raga.

Raga si wimbo. Ni kama seti ya sheria: noti zipi unatumia ukipanda, zipi ukishuka, ipi unaikalia, na hata saa gani ya siku inafaa kupigwa. Msanii anachukua hizo sheria na kutunga papo hapo, nusu saa, pengine saa nzima, huku mpiga tabla akishikilia mzunguko wa mapigo unaoitwa tala. Huwezi kujua hayo kwa wiki moja. Ravi Shankar, yule bingwa wa sitar aliyemfundisha George Harrison wa Beatles, alikuwa kijana anayezunguka Ulaya na kundi la dansi la kaka yake. Mwaka 1938 akaacha hiyo raha, akaenda mji mdogo wa Maihar kukaa na mwalimu wake, Allauddin Khan, kwa karibu miaka saba. Alifuata ujuzi huko ulikokuwa, hata kama palikuwa shamba.

Sasa usidhani nyatiti ni kitu cha chini ukiilinganisha na hiyo. Hebu tuhesabu. Nyuzi nane. Pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, inagonga mbao. Njuga mguuni. Halafu sauti ya mwimbaji juu ya hayo yote. Mtu mmoja kwenye kigoda ni bendi nzima. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Na ule mvumo wa nyuzi unaosikia si kasoro, umetafutwa makusudi. Kwenye sitar pia wanachonga daraja la nyuzi kwa makini ili livume. Watu wawili walio mbali hivyo wamependa kitu kimoja.

Kisha kuna maneno. Jathum anapopiga matangani, mtu anaweza kusimamisha wimbo, atoe pesa, ajisifu au amsifu shemeji yake. Hiyo ndiyo pakruok, na kila mtu aliyekulia huku anaijua. Jathum lazima aingize jina, ukoo na kijembe papo hapo bila kupoteza mdundo. Anajua nani ni wa ukoo gani, nani aliolewa wapi, nani hatajwi mbele ya nani. Huo ni usomi. Ni vile tu hauna cheti.

Na dunia imeshasikia. Wapiga gita wa benga walidonoa nyuzi kwa mtindo wa nyatiti. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, hapo tu ukivuka mpaka kutoka Migori, alijenga jina lake kwenye benga. Kothbiro ya Ayub Ogada iliingia kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Mwaka 2018 Kanye West akachukua kipande cha Kothbiro ya zamani, ile ya bendi ya Black Savage, akakiweka kwenye wimbo wake Yikes. Ayub alifariki 2019. Uliza shuleni kwenu ni wangapi wanajua alikuwa nani.

Wahindi walifanya nini basi? Miaka ya 1900 mwanzoni walikuwa pabaya. Muziki wao ulikuwa umelishwa na wafalme na matajiri, na Mwingereza alikuwa amewapunguza nguvu hao wafalme. Ujuzi ulikuwa umefungwa ndani ya familia, na baadhi ya mabingwa hawakutaka mtu wa nje ajue siri zao. Yaani ni kama jathum anayezoea kuitwa matangani, halafu familia zinaanza kukodi DJ.

Watu wawili ndio wanakumbukwa sana. Vishnu Digambar Paluskar alifungua shule ya muziki Lahore mwaka 1901, akitegemea michango ya watu na maonyesho badala ya mfalme mmoja. Sisi tungesema harambee. Mwingine, Vishnu Narayan Bhatkhande, alikuwa wakili. Alizunguka nchi akiwatafuta mabingwa, akaandika nyimbo zao kwa noti, akachapisha vitabu. Mwaka 1926 kikafunguliwa chuo Lucknow ambacho leo ni chuo kikuu chenye jina lake. Baada ya uhuru, redio ya taifa ikawa inawapima wanamuziki na kuwalipa. Mwaka 1998 mwimbaji M.S. Subbulakshmi akapewa Bharat Ratna, heshima kubwa kuliko zote ambazo India humpa raia.

Kumbe siri si kupenda utamaduni. Kila mtu anasema anaupenda. Siri ni kwamba mtu alilipwa kufundisha, mtu akalipwa kupiga, na mtu akakaa chini kuandika.

Sisi usomi tunao, ila umehama nyumbani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kenya akirekodi ngoma za makabila mengi, nyatiti ya Waluo ikiwemo. Kumbukumbu hizo ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954. Washington Omondi, mmoja wa waliotengeneza wimbo wetu wa taifa, aliandika tasnifu nzima ya udaktari kuhusu thum, akaikamilisha mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha London. Miaka ya karibuni Ketebul Music ya Nairobi imesaidia kurudisha nakala za rekodi za Tracey, na hongera kwao. Lakini nakala iliyoko Nairobi haimsaidii msichana wa Suna ambaye hajawahi hata kuishika nyatiti.

Sasa hapa ndipo nataka tuwe makini, kwa sababu njia ya Wahindi iliwaumiza watu. Msanii nyota wa kwanza wa santuri kule India alikuwa Gauhar Jaan, aliyerekodi Calcutta mwaka 1902. Alitoka kwa wale wanawake waimbaji wa kulipwa ambao kwa miaka mingi walikuwa wamebeba muziki huo. Watu wa tabaka la kati walipoanza kuupa muziki heshima, waliwaona hao wanawake kama aibu. Wakachukua nyimbo, wakawaacha wenyewe nje. Mabingwa wengi Waislamu nao wakajikuta pembeni kwenye hadithi ya muziki waliouhifadhi. Kusini, Bangalore Nagarathnamma, mwanamke wa jamii ya wachezaji wa hekaluni, alitumia mali yake kujenga jengo la kumbukumbu kwenye kaburi la mtunzi Tyagaraja. Wanaume walipofanya tamasha hapo, wanawake hawakuruhusiwa kuimba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akaandaa tamasha la wanawake, na ikabidi wapambane hadi wakaruhusiwa.

Inasikika kama stori ya mbali? Nyatiti huku imekuwa ya wanaume, na bado kuna mtu atakuambia msichana akipiga ni mkosi. Halafu Anyango, mwanamke Mjapani, akaja, akaishi kijijini Siaya, akafundishwa na Okumu K'Orengo, na leo anajulikana dunia nzima kwa nyatiti. Mimi namheshimu sana, alilala kijijini na akavumilia. Swali langu ni kwetu: kama mgeni alikubaliwa, binti wa Ndhiwa anakatazwa kwa sababu gani?

Na fikiria kaunti ikisema leo kwamba inaajiri mwalimu wa nyatiti. Tangazo litatoka: diploma, uzoefu wa miaka mitatu, cheti cha maadili. Atapata mtu wa Nairobi aliyejifunza kwa warsha mbili. Yule mzee anayejua nyimbo mia ataitwa siku ya ufunguzi, avae manyoya, apige sekunde ishirini. Tutakuwa tumerudi palepale, ila na bajeti.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja ambacho ni ndoto. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti shughuli za utamaduni na pia vyuo vya ufundi vya vijijini. Kama chuo kinafundisha ushonaji na uchomeleaji, kinaweza kufundisha kuchonga nyatiti na kuipiga. Mwalimu awe jathum anayetambuliwa na jathum wenzake, hata kama hakumaliza darasa la nne, na alipwe kila mwezi. Wanafunzi wawe wasichana na wavulana.

Cha pili, kuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inazitaka kaunti ziweke rejista. Muulize MCA wako rejista ya kaunti yenu iko wapi, na nyatiti imeandikwa humo kwa jina la jamii gani. Bila hiyo, Kanye mwingine akija tutabaki kulia kwenye komenti.

Cha tatu ni rahisi zaidi. Mkimwita jathum kwenye sherehe, mpeni saa nzima na bei ya msanii. DJ anapewa depo kabla hajafungua boneti. Kwa nini mzee anasubiri "kitu kidogo" mwisho wa shughuli?

Kuna wasee wataniambia darasa litaua roho ya nyatiti, kwamba hiki ni kitu cha usiku, cha moto na matanga, si cha ubao na mtihani. Hilo ni wazo la maana na silipuuzi. Hata India wengi walilalamika kwamba shule za muziki zinatoa wenye vyeti wengi na mabingwa wachache. Ndiyo maana Kolkata kuna akademi iliyoanzishwa miaka ya 1970 ambapo mabingwa wanapewa makao, na wanafunzi wachache wanaishi karibu nao na kujifunza kwa mtindo wa zamani. Sisi tunaweza kuanzia hapo: kijana mmoja, mzee mmoja, miaka miwili, posho ya wote wawili. Matanga yabaki matanga, na mwanafunzi aende huko akabebe kigoda cha mwalimu wake.

Migori tuna Thimlich Ohinga. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, na hizo kuta zimetunzwa, mgeni anaonyeshwa kwa mpangilio. Ni poa kabisa. Lakini mawe hayo yatakuwa hapo hata tukichelewa miaka kumi. Jathum wa miaka themanini hawezi kutusubiri hivyo.

Likizo ijayo ukienda ushago, na ukipata mzee anayepiga, usichukue sekunde ishirini. Omba ruhusa, rekodi wimbo wote, uliza jina lake, kijiji, nani alimfundisha, na anakaza nyuzi vipi. Mlipe. Mimi kila Jumapili nitaweka wimbo mmoja mzima bila kukata, hata kama TikTok itaninyima watu. Na kama unajua jathum wa huku, mwanamume au mwanamke, aliye tayari kufundisha, niandikie kwa inbox uniambie mwezi mmoja angetaka alipwe ngapi. Nataka nikienda kuongea na watu wa kaunti niende na bei.