Jiwe la Tabaka na Kosa la Wahakiki wa Fanki

Ipo hoja iliyozoeleka kwamba fanki ni souli iliyofilisika: kwamba James Brown, alipotoa "Cold Sweat" mwaka 1967, aliutupa ushairi na kubakiza kelele za kurudiarudia. Hoja hii ni potofu, na madhara yake hayaishii Marekani.

Ni kweli kwamba maneno ya wimbo huo, uliotungwa na Brown pamoja na Pee Wee Ellis, ni machache na ya kawaida. Lakini souli yenyewe ilizaliwa pale mwito wa mhubiri na mwitiko wa waumini ulipohamishiwa mapenzi ya kidunia. Fanki haikuuvunja mwito huo, iliugawia ala. Ngoma ya Clyde Stubblefield, besi, gitaa na matarumbeta hujibizana na ukemi wa Brown, kila kimoja kikishika zamu yake. Kilichopunguzwa ni mapambo, si kiini. Mchongaji wa Tabaka, katika nchi ya Abagusii, hahukumiwi kwa vipande alivyobandua kwenye jiwe, bali kwa umbo lililosalia.

Ajabu ni kwamba wahakiki waliomtetea Kezilahabi alipoacha vina na mizani katika *Kichomi* (1974) ndio wanaoulaumu wimbo kwa kupunguza. Iweje upunguzaji uwe ukomavu kitabuni na ufukara ngomani?

Jibu limo katika mazoea ya idara zetu. Mwanafunzi hutumwa kukusanya nyimbo zinazoimbwa kwa obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi 8 cha Abagusii. Hurudi na maneno matupu karatasini, ala imeachwa kijijini. Kisha mhakiki huyasoma, akaona kibwagizo kimerudiwa mara nyingi, akaamua kwamba wimbo ni hafifu kimaudhui. Hafifu ni kalamu iliyounukuu.

Haidaiwi hapa kwamba kila takriri ni sanaa. Iko takriri mfu, isiyobadilisha chochote. Kipimo ni kama marudio yanazidisha mvutano baina ya sauti na ala. Na kipimo hicho hakiwezi kutumiwa na asiyesikia.

Basi fasihi simulizi ifundishwe pamoja na mlio wake. Mhakiki asiyekuwa tayari kusikiliza na aache kuhukumu, kwani anachokiita utupu wa wimbo huenda ni uziwi wake mwenyewe.