Neno la Mhariri: Kutoka Kabla ya Kuingia

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu namna ya kujifunza kutengeneza katisini, yaani vipande vya hadithi vinavyoonyeshwa katikati ya gemu, nilijua ugomvi utakuwepo, ila sikuutarajia huu. Karibu kila aliyetuandikia alitaka tuamue kati ya kambi mbili. Wapo wanaosema mwanafunzi aanze na sinema, ajue lenzi, mwanga na mpangilio wa fremu, ndipo aguse injini. Wapo wanaosema afungue Sequencer, taimulaini ya injini ya Unreal, siku ya kwanza, sinema ataiokota njiani. Makala za kambi zote mbili nimezipanga zikabiliane ukurasa kwa ukurasa, wasomaji wafaidi. Mimi simo. Naona wote wanafundisha kitu kimoja, na kitu hicho hakitoshi kuitwa katisini.

Tazama mafunzo yanakoishia. Mwanafunzi anaweka kamera, anapanga shoti, anatia ukungu, anarekebisha rangi, halafu anapelekwa Movie Render Queue, chombo cha Unreal cha kutoa faili la video. Hapo mwalimu anampongeza. Kilichopatikana ni filamu fupi, na huenda ni filamu nzuri, lakini hakuna aliyeshika pedi. Katisini ina mtu ndani yake. Sekunde moja kabla, mtu huyo alikuwa anakimbia, kidole kiko kwenye kitufe, zimembakia risasi tatu na anajua kwamba mlango anaoutaka uko kushoto. Unamnyang'anya usukani gari likiwa kwenye mwendo. Baada ya muda unamrudishia, naye anatakiwa aendelee kana kwamba hakuachia. Kila kinachoitenga fani hii na filamu kimo katika nyakati hizo mbili, wakati wa kunyang'anya na wakati wa kurudisha, na ndizo ambazo hazimo katika somo lolote nililowahi kulipitia.

Nichukue mfano wa Unreal, kwa kuwa ndiyo inayotajwa katika makala nyingi za toleo hili. Kamera ya kawaida ya injini hiyo, usipoibadilisha, inaona kwa upana wa digrii 90. Cine Camera, ukiiweka tu bila kuigusa, inakuja na lenzi ya milimita 35 juu ya kihisi chenye upana wa milimita 23.76. Piga hesabu: unapata digrii 37 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba pale picha inapokatwa kutoka mchezoni kwenda kwenye shoti ya kwanza, upana wa kuona unashuka ghafla hadi chini ya nusu. Chumba ambacho mchezaji alikwisha kukizoea, anajua hatua ngapi zitamfikisha ukutani, kinageuka kuwa chumba kingine. Anayeketi kutazama filamu haoni tatizo hilo kwa sababu hakuwahi kukitembea.

Ukitaka Cine Camera ione sawasawa na kamera ya mchezo, lenzi yake iwe karibu milimita 12. Hiyo ni lenzi ambayo mwalimu wa sinema atakukataza kumpigia mtu uso, na atakuwa na haki, maana pua itatangulia na masikio yatabaki nyuma. Kwa hiyo mabishano ya lenzi ipi ni ya "kisinema", yaliyokula kurasa nyingi za toleo hili, yanapita kando ya jambo lenyewe. Ninachotaka mwanafunzi aulizwe ni atasafirije kutoka 12 hadi 35: kwa sekunde ngapi, na akijificha nyuma ya nini? Mgongo wa mhusika ukiziba kamera? Mlango ukifunguka? Au akate papo hapo, mlipuko ukiwa ndio kisingizio? Majibu yote yanaweza kuwa sahihi. Kutoulizwa ndilo kosa.

Kasi ya fremu nayo ni hivyo hivyo. Kuna imani kwamba ukiweka fremu 24 kwa sekunde umeshakuwa mtu wa sinema. Gemu lako linakwenda 60. Ukiifunga katisini kwenye 24, mchezaji ataiona picha ikianza kusitasita pale pale unapomtaka asahau kwamba ameporwa, na itakapolainika tena atajua kabla ya kuambiwa kwamba sasa ameruhusiwa. Mistari miwili myeusi juu na chini nayo inafanya kazi ya kengele hiyo hiyo. Wapo wanaoitaka kengele, sawa, ila waipige kwa makusudi.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye kutoka. Mchezaji alikuwa anasukuma kijiti mbele, kamera iko mgongoni kwa mhusika, na mbele ilikuwa kaskazini. Katisini imeisha kwa shoti ya uso, tena shoti nzuri, kisha mwenye gemu anarudisha mamlaka hapo hapo. Kidole gumba bado kimesukuma juu. Mhusika anageuka na kukimbia mbali na kamera, yaani anarudi alikotoka, na mara nyingi anarudi kwenye mdomo wa adui. Resident Evil ya mwaka 1996 ilikuwa na kamera zisizosogea, zikibadilishana kila unapovuka pembe ya chumba, na ililijua tatizo hili vizuri. Ilichofanya ni kuufunga mwelekeo kwenye mwili wa mhusika badala ya kwenye skrini: mbele ni kule anakotazama yeye, kamera iwe popote. Watu waliicheka sana namna ile ya kutembea kama kifaru cha vita. Lakini kamera ilipokatwa, mhusika hakupotea njia. Watu wa sinema wana kanuni ya digrii 180 inayolinda jicho. Sisi tunahitaji ya kulinda kidole gumba, na hatutaipata kwa kungoja shule za filamu zituandikie.

Ndiyo sababu nashikilia kwamba somo lianzie mwisho. Mwanafunzi apewe maboksi ya kijivu, bila mwanga, bila nyuso, na aanze na fremu ya mwisho. Mhusika amesimama wapi, anatazama wapi, ana nini mkononi, na jicho la mchezaji litatua kwenye njia ipi pindi atakaporudishiwa pedi? Hayo yakishatulia, arudi nyuma shoti moja moja mpaka afike pale katisini inapoanzia. Atakayefanya hivyo kwa wiki chache atakuwa mbele ya yule aliyejifunza kutia vumbi kwenye miale ya jua. Najua miale ya jua inapata watazamaji wengi zaidi.

Kisha kuna suala la kuruka, ambalo watengenezaji hulizungumza kwa uchungu kana kwamba wametukanwa. Nenda kwenye kibanda chochote cha gemu, Tandale au Eastleigh, ambako mtu analipia mechi au dakika. Bao likifungwa, marudio hayapati hata nafasi ya kuanza; kitufe kimeshabonyezwa. Pesa yake, muda wake. Huyo ndiye hadhira yetu, na amelelewa hivyo. Katisini isiyorukika haitamfundisha subira, itamfundisha kuzima gemu.

Ila kurukika kuna kazi yake, na hapa ndipo nimeona miradi ya wanafunzi ikianguka moja baada ya nyingine. Chukua katisini ambamo daraja linashushwa kwenye sekunde ya 20, na kushushwa kwenyewe kumewekwa kama tukio ndani ya taimulaini. Mchezaji anaruka kwenye sekunde ya 4. Sequencer ina njia zaidi ya moja ya kusogea mbele: ukiiambia icheze hadi mwisho, inayafyatua matukio ya katikati, ukiiambia irukie mwisho, inayapita bila kuyagusa. Mwanafunzi aliyechagua ya pili bila kujua amebaki na shujaa upande mmoja, hadithi upande wa pili, na daraja liko juu milele. Mwingine ameacha kipande cha animesheni kirejeshe hali ya awali kinapomalizika, badala ya kuibakiza ile mpya, basi mlango alioufungua mbele ya macho ya mchezaji unajifunga wenyewe akishapewa pedi. Hayo hayaonekani kamwe kwenye faili la video, na ndiyo maana mwalimu aliyeishia Movie Render Queue hajawahi kukutana nayo. Msimamo wangu ni kwamba picha isipewe mamlaka juu ya dunia. Mabadiliko yote ambayo gemu linayategemea yakae mahali pamoja, yaitwe na aliyetazama hadi mwisho na aliyeruka kwa usawa. Katisini ibaki kuonyesha tu.

Kuujali mshono huu, wa kunyang'anya na kurudisha, si jambo jipya. Vichekesho vifupi vya Pac-Man, mwaka 1980, viliwekwa baada ya hatua kukamilika, mahali ambapo mchezaji alikuwa anavuta pumzi na hakuna cha kumnyang'anya. Mbunifu wa gemu Ron Gilbert alipoliingiza neno lenyewe katika gemu lake la Maniac Mansion, 1987, katisini ilikuwa amri ndani ya lugha ya SCUMM, na sehemu kubwa ya amri hiyo ilikuwa kumzimia mchezaji uwezo wa kuamuru, kisha kumrudishia. Mshono ulikuwa ndio ufundi wenyewe. Tuliusahau baadaye, filamu zilizokwisha kutengenezwa zilipoingia kwenye diski, na Final Fantasy VII ya 1997 ikaweza kumwonyesha shujaa wake Cloud mwenye umbo la mtu kwenye filamu na Cloud mwenye mikono kama matofali dakika moja baadaye. Tulilisamehe gemu hilo kwa sababu lilikuwa zuri, na msamaha ule umegeuka mtaala.

Kuna makala humu inayoitolea mfano Half-Life 2 ya 2004, kwamba hapo tatizo lilimalizika kwa kutomwondolea mchezaji pedi hata mara moja. Inasomeka vizuri, lakini mwandishi amelipita kwa haraka lile tukio la maabara: wataalamu wanaeleza hatima ya binadamu huku mchezaji akizunguka chumba akiwarushia vitu, na mlango umefungwa mpaka wamalize. Pedi unayo, pa kwenda huna. Nyingine inaitukuza God of War ya 2018, iliyopigwa kama shoti moja isiyokatwa tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kweli mishono yake haionekani. Naistahi. Lakini kuondoa mshono kwa kuondoa mkato wowote ni kutupa sarufi nzima ya uhariri, na wanafunzi wenye kompyuta ya kuazima hawana jeshi la kuifanya kamera ile isogee bila kugonga ukuta. Wakate, mradi wajue kidole kiko wapi wanapokata.

Kuhusu vita vya injini, sina mengi. Unity ilipoleta Timeline na Cinemachine mwaka 2017, ilikuwa na wazo ambalo nalipenda: kamera ya mchezo na kamera ya katisini ni za aina moja, na kuhama kutoka moja hadi nyingine ni suala la kuchanganya kwa muda uutakao. Godot ni bure, ni nyepesi, na AnimationPlayer yake inaweza kuita kazi za programu katikati ya animesheni, jambo linalotosha kwa kila zoezi nililolitaja hapa. Unreal inapendeza kuliko zote na inachemsha laptopu. Chagua, uendelee.

Yaliyobaki kwa ufupi. Makala ya mwanga ni ndefu na picha zake zinapendeza. Ya nyuso za kidijitali za MetaHuman itawafaa wenye mashine za kuziendesha, nanyi mnajijua. Mwandishi wa makala ya uhariri amemwegemea mhariri wa filamu Walter Murch na ile orodha yake inayoipa hisia asilimia 51 ya sababu za kukata, hadithi 23 na mdundo 10. Ameieleza vizuri, ila Murch alikuwa akimhariria mtu aliyeketi, na ningependa kujua kidole gumba kingepewa asilimia ngapi. Mazungumzo kuhusu kurekodi sauti za Kiswahili ndiyo niliyotamani yawe marefu mara mbili, hasa pale msanii anaposisitiza kwamba sauti irekodiwe kabla ya midomo kuanza kuhuishwa. Anayefanya kinyume atahuisha mara mbili.

Toleo lijalo tutapokea kazi za wanafunzi. Masharti ni mafupi: katisini moja, isiyozidi sekunde 30, iliyo katikati ya mchezo unaochezeka, ikiwa na angalau dakika moja ya kucheza kabla yake na moja baada yake. Maboksi ya kijivu yanakubalika. Tutaijaribu kwa kuiruka kwenye sekunde yoyote tutakayoitaka, kijiti kikiwa kimesukumwa mbele muda wote. Tuma gemu lenyewe. Faili la video peke yake hatutalifungua.