Shilingi ikianguka, dhahabu haiongezeki

Kila shilingi inapoanguka, wachumi wanatutuliza: msijali, bidhaa zetu zitakuwa rahisi nje, tutauza zaidi, urari wa biashara utakaa sawa.

Jamani, wamewahi kufika Geita? Dhahabu, inayoongoza kati ya bidhaa tunazouza nje, bei yake hupangwa kwa dola katika soko la dunia. Mwaka 2015 dola ilivuka shilingi 2,000. Je, dhahabu ya Geita ikawa rahisi kuliko ya Ghana? Hata kidogo! Na mwamba wa Bulyanhulu hauongezi dhahabu eti kwa sababu dola imepanda.

Dizeli nayo tunaagiza kwa dola. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu anauza gramu kwa shilingi nyingi zaidi, sawa, lakini pampu na karasha zinazila. Mgodi mkubwa unauza kwa dola. Anayelipwa mshahara wa shilingi ndiye anayeumia sokoni.

Shilingi dhaifu husaidia bidhaa inayoshindana kwa bei, kama nguo. Lakini pamba ya Shinyanga, sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa imechambuliwa tu. Tujengeeni viwanda kwanza, ndipo mtuhubirie.